Kutia Chuma Nitrojeni kwa Plazma: Masharti ya Utendaji na Funzo la Meno ya Mashine za Chai

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkanya mwenye tamaa, lakini ukweli wake hudhihirika pia katika karakana ya mhandisi wa vyuma. Anayetaka chuma kiwe kigumu mno, tena upesi mno, huweza kukipokonya sifa ileile iliyofanya kichaguliwe tangu awali. Jambo hili huonekana waziwazi katika mbinu ya kutia chuma nitrojeni kwa plazma, ambayo kwayo uso wa chuma hufanywa mgumu kwa kupenyezwa nitrojeni ndani ya tanuri lililoondolewa hewa na kupitishwa umeme.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, yanaeleza namna masharti ya utendaji, yaani halijoto, muda, mchanganyiko wa gesi, kanieneo na umeme, yanavyoamua matokeo ya mbinu hiyo. Pili, yanaonyesha kwamba maelezo hayo hayawezi kutolewa kwa usahihi katika Kiswahili ikiwa neno moja, ugumu, litabebeshwa maana ambazo wahandisi huzitenganisha. Mfano unaotumika ni meno ya mashine za kusindika chai, kwa kuwa ni chuma ambacho mkazi wa Kericho na Bomet anaishi kwa jasho lake, awe amekiona au hajakiona.

Jino la chuma katika kiwanda cha chai

Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimezungukwa na mashamba ya chai. Majani yanayochumwa na wakulima wadogo wa eneo hili hupelekwa katika viwanda kama vile Litein, Kapkatet, Tegat, Momul, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husindikwa kwa mbinu ya kuponda, kuchana na kukunja, ambayo wafanyakazi wa viwandani huitaja kwa herufi zake tatu za Kiingereza, CTC. Mbinu hii ilianzia Assam, nchini India, mapema katika miaka ya 1930, na mvumbuzi wake anayetajwa ni William McKercher.

Majani yakishanyaushwa, hupitishwa kati ya rola mbili za chuma zinazozunguka kwa kuelekeana. Rola hizo hazizunguki kwa kasi moja. Moja huwa na kasi inayokaribia mara kumi ya mwenzake. Kwa mfano, moja huzunguka mara 70 kwa dakika na nyingine mara 700. Uso wa kila rola umechongwa meno madogo makali yaliyopangwa kwa safu. Rola ya polepole hulishika jani, na ya kasi hulichana. Utomvu hutoka, hukutana na oksijeni ya hewani, na jani la kijani huanza safari ya kugeuka rangi ya shaba, kisha nyeusi.

Ubora wa safari hiyo unategemea makali ya meno. Meno yakiwa butu, jani halichanwi ipasavyo bali husagwa na kupashwa joto. Chembe hutoka zikiwa na nyuzi na ukubwa usiolingana, na kazi yote inayofuata huharibika. Kwa sababu hiyo, rola huondolewa mashinani kila baada ya muda na kupelekwa karakana ili meno yake yakatwe upya. Kila zinaponolewa, kipenyo chake hupungua, hadi inapofika siku ambapo hazifai tena. Aidha, chuma kinacholika hakitoweki. Vumbi lake huchanganyika na chai, na ndiyo maana viwanda huweka sumaku za kulinasa kabla ya chai kufungashwa.

Huenda msomaji akauliza: mbona meno hayo hayatengenezwi tangu mwanzo kwa chuma kigumu zaidi, kama kile cha tupa au cha patasi? Jibu limo ndani ya jani lenyewe. Utomvu wa chai una asidi kidogo na una polifenoli kwa wingi. Chuma cha kawaida kikiloweshwa na utomvu huo hushika kutu, na kiasi kidogo cha chuma kinachoyeyuka huungana na polifenoli na kutoa weusi. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo, kwa kuchanganya chumvi ya chuma na tanini za mimea. Kiwanda cha chai hakihitaji wino. Kwa hiyo rola huundwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa jua kali hukiita stenlesi. Aina yake iliyo mashuhuri zaidi ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. Chuma hiki ni safi na kinastahimili utomvu, lakini ni laini. Katika kipimo cha Vickers, ambacho hupima ugumu kwa kukandamiza ncha ya almasi na kutazama ukubwa wa alama inayobaki, chuma hiki hupata takriban 200 tu.

Hapa ndipo swali la makala haya linapozaliwa. Je, uso wa chuma kama hiki unaweza kufanywa mgumu bila kukifanya kishike kutu? Inawezekana, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

Kutia si kupaka

Kabla ya kuingia katika masharti hayo, inafaa istilahi ziwekwe wazi. Lugha ya Kiswahili haikuwa tupu katika uwanja wa vyuma. Neno chuma hutumika kwa metali hiyo yenyewe na hata kwa metali kwa jumla. Chuma cha pua ni kile kilichoimarishwa, ambacho ndicho msingi wa vifaa na silaha. Na feleji ni jina la chuma bora, linalotumika pia kwa upanga uliotengenezwa kwa chuma hicho. Mhunzi naye alikuwa na msamiati wake wa mvukuto, fuawe, kufua na kutia makali.

Kitenzi kutia ndicho kinachostahili kuangaliwa. Mtu hupaka rangi ukutani, lakini hutia chumvi katika mchuzi. Kilichopakwa hukaa juu na huweza kubanduka. Kilichotiwa huingia ndani na kuwa sehemu ya kitu. Nitrojeni haipakwi juu ya chuma. Atomi zake hupenya na kujipenyeza katika nafasi ndogo zilizopo baina ya atomi za chuma, zikazisukuma na kuzibana. Atomi zilizobanwa haziwezi kuteleza kwa urahisi zinapokandamizwa, na huko kushindwa kuteleza ndiko kunakoitwa ugumu. Basi istilahi utiaji nitrojeni inaeleza jambo lenyewe kwa usahihi, ilhali kusema kwamba chuma kimepakwa nitrojeni ni kupotosha maana.

Nitrojeni yenyewe si mgeni katika nchi ya chai. Mkulima huijua kama herufi ya kwanza katika mfuko wa mbolea ya NPK 26:5:5, ambapo tarakimu 26 ni asilimia ya nitrojeni. Vilevile ndiyo gesi iliyo nyingi zaidi hewani, takriban asilimia 78. Hata hivyo, nitrojeni ya hewani haiingii ndani ya chuma wala ndani ya mchai kwa urahisi, kwa kuwa atomi zake mbili hushikamana kwa nguvu nyingi. Sharti kwanza zitenganishwe.

Wahandisi wa mwanzo walizitenganisha kwa kutumia gesi ya amonia iliyopashwa moto. Adolph Machlet nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na Adolf Fry katika kampuni ya Krupp nchini Ujerumani, katika miaka ya 1920, ndio waliofungua njia hiyo. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Bernhard Berghaus aliendeleza njia nyingine, ile ya kutumia umeme na gesi nyepesi ili kupata plazma.

Plazma ni nini, na hufanyaje kazi?

Msomaji wa biolojia anaijua plazma ya damu. Plazma ya fizikia ni jambo jingine kabisa. Ni gesi ambayo baadhi ya atomi zake zimepokonywa elektroni, ikawa mchanganyiko wa elektroni huru na ioni, na kwa hiyo hupitisha umeme. Wakazi wa Kericho, eneo lenye ngurumo na mvua ya mawe ya mara kwa mara, huiona plazma kila radi inapopiga: mstari ule mweupe ni hewa iliyogeuzwa kuwa plazma kwa nukta ya muda.

Katika tanuri la kutia nitrojeni, radi hiyo hufugwa. Kifaa kinachotakiwa kufanywa kigumu huwekwa ndani ya chombo cha chuma, na hewa hufyonzwa mpaka libaki karibu ombwe. Kisha huingizwa mchanganyiko wa nitrojeni na hidrojeni kwa kanieneo ndogo, kwa kawaida paskali mia chache. Kwa ulinganisho, kanieneo ya hewa katika miinuko ya Kericho, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban paskali 80,000. Umeme wa volti mia kadhaa hupitishwa, kifaa kikiwa upande hasi, yaani kathodi, na ukuta wa tanuri ukiwa upande chanya. Gesi huwaka kwa mng'ao wa zambarau unaokifunika kifaa kama shuka.

Ioni chanya huvutwa na kifaa na kukigonga kwa kasi. Mgongano huo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hukipasha kifaa joto. Huleta nitrojeni iliyokwisha kutenganishwa. Na hung'oa atomi za juu kabisa za uso. Kazi hii ya tatu ina thamani ya pekee kwa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu, na utando huohuo unaozuia kutu huizuia pia nitrojeni isipenye. Amonia ya kawaida hugonga mlango huo bila kufunguliwa. Ioni za plazma, zikisaidiwa na hidrojeni, huubomoa utando na kuacha uso ulio wazi.

Sharti la kwanza: halijoto

Miongoni mwa masharti yote, halijoto ndiyo yenye usemi mkubwa zaidi. Kwa chuma cha pua cha kawaida kinachotumiwa katika gia na mihimili ya mashine, utiaji nitrojeni hufanywa aghalabu kati ya nyuzi 480 na 570 za Selsiasi. Hapo nitrojeni hupenya kwa kasi ya kuridhisha, na tabaka gumu huweza kufikia sehemu kadhaa za kumi za milimita. Halijoto hiyo bado ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kuunguza chuma na kukizamisha majini ghafla, njia iliyozoeleka ya kukifanya kigumu. Kwa hiyo kifaa hakipindi sana wala hakibadiliki vipimo, na hiyo ni faida kubwa. Angalizo moja ni kwamba halijoto ya tanuri haipaswi kuizidi ile iliyotumiwa hapo awali kukipunguzia chuma ukali wa ugumu wake. Ikizidi, moyo wa kifaa hulainika wakati uso unapokuwa mgumu.

Kwa chuma kisichoshika kutu, hesabu hubadilika kabisa. Mwaka 1985, Z. L. Zhang na Tom Bell wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba chuma cha aina hii kikitiwa nitrojeni kwa plazma katika halijoto ya chini hupata uso mgumu huku kikihifadhi uwezo wake wa kupinga kutu. Mpaka unaotajwa sana ni nyuzi 450 hivi.

Kwa nini mpaka uwe hapo? Sababu ni mwendo wa atomi. Nitrojeni ni ndogo, na hata katika nyuzi 400 huweza kupenya katikati ya atomi za chuma. Kromiamu ni kubwa, na katika halijoto hiyo haiwezi kuondoka mahali pake. Kwa asili, nitrojeni na kromiamu huvutana sana, lakini kwa kuwa kromiamu imekwama, haziwezi kukusanyika na kuunda kitu kipya. Nitrojeni hujazana kupita kiasi cha kawaida, na umbo la ndani la chuma hutanuka bila kuvunjika. Tabaka hili hujulikana kama austenaiti iliyotanuka. Ugumu wake katika kipimo cha Vickers hupita 1,000, yaani mara tano au zaidi ya ule wa chuma chenyewe, na kromiamu yote imebaki tayari kuunda upya utando wa kinga kila unapokwaruzwa.

Halijoto ikipandishwa kupita mpaka huo, kromiamu hupata uwezo wa kutembea. Huifuata nitrojeni, zikaungana na kuwa chembechembe za nitridi ya kromiamu. Chembechembe hizo ni ngumu sana, lakini kromiamu iliyofungwa humo haipo tena kwa ajili ya kinga. Chuma huhitaji kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5 iliyo huru ili kisishike kutu. Sehemu zilizopokonywa hubaki chini ya kiasi hicho, na utomvu wa chai huzikuta bila mlinzi.

Jambo la kutahadharisha ni kwamba kipimo cha ugumu hakilioni kosa hili. Jino lililotiwa nitrojeni katika nyuzi 420 na lile lililotiwa katika nyuzi 520 yote mawili huweza kusomeka juu ya 1,000. Fundi anayeuliza swali moja tu, iwapo uso umekuwa mgumu, atapata jibu lilelile kwa jino zuri na kwa jino lililoharibika. Tofauti itajulikana kwa kipimo cha kutu, au itajulikana baadaye kiwandani, kwa gharama ya kiwanda na ya mkulima.

Sharti la pili: muda

Muda na halijoto ni ndugu. Unene wa tabaka hauongezeki sawasawa na saa, bali hufuata kipeuo cha pili cha muda. Ikichukuliwa kwamba saa 5 zimeleta tabaka la mikromita 6, tabaka la mikromita 12 halitahitaji saa 10 bali saa 20. Na la mikromita 18 litahitaji saa 45. Kila hatua ya ndani ni ghali kuliko iliyotangulia, kwa kuwa nitrojeni mpya hulazimika kupita katika tabaka lililokwisha kujaa.

Hapo ndipo kishawishi cha kupandisha moto huzuka. Joto zaidi lingefupisha kazi ya saa 20 ikawa ya saa chache. Hata hivyo, haraka haraka haina baraka: haraka hiyo ndiyo inayoiamsha kromiamu. Wala uvumilivu nao haukosi mpaka. Mpaka wa nyuzi 450 si ukuta bali ni mteremko. Chuma kikikaa muda mrefu mno karibu na halijoto hiyo, kromiamu itatembea polepole na nitridi itaanza kuonekana. Kwa sababu hiyo, tabaka katika chuma kisichoshika kutu huwa jembamba, kwa kawaida mikromita 5 hadi 20 hivi, unene usiofikia ule wa unywele wa binadamu.

Sharti la tatu: mchanganyiko wa gesi

Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu moja ya nitrojeni kwa sehemu tatu za hidrojeni. Kwa mtazamo wa haraka, ingedhaniwa kwamba nitrojeni ikizidi, matokeo yatakuwa bora. Katika chuma cha pua cha kawaida, nitrojeni nyingi huunda juu kabisa ya uso tabaka jeupe la nitridi za chuma. Tabaka hilo hupunguza msuguano na kutu, lakini likiwa nene huwa kama kigae: gumu, lakini jepesi kuvunjika, hasa kifaa kinapopigwa au kugongwa. Nitrojeni ikipunguzwa hadi asilimia chache, tabaka jeupe huweza kuzuiwa lisitokee, kukabaki tabaka la ndani tu lililopenyezwa nitrojeni. Huu ni uhuru ambao plazma humpa mhandisi kwa urahisi kuliko amonia.

Hidrojeni haiingii ndani ya tabaka ili kulifanya gumu, lakini bila yake kazi huharibika. Huondoa mabaki ya oksijeni na kuzuia utando wa oksidi usijirudie. Tanuri lenye tundu dogo linalovuja huingiza hewa, na oksijeni kidogo tu yatosha kuufunga tena uso uliokuwa umefunguliwa.

Sharti la nne: kanieneo, umeme na umbo la kifaa

Kwa sahani bapa, sharti hili ni jepesi. Kwa rola yenye meno, ndilo linaloweza kuvuruga yote. Kanieneo ikiwa ndogo, shuka ya mng'ao huwa nene na kupita juu ya mifereji iliyo kati ya meno bila kuingia ndani yake. Kanieneo ikiongezwa, shuka huwa nyembamba na kulifuata umbo la kifaa kwa ukaribu. Lakini baina ya hali hizo mbili kuna mtego. Katika mfereji mwembamba, mng'ao wa ukuta mmoja huweza kukutana na mng'ao wa ukuta wa pili. Elektroni hunaswa humo zikirukaruka baina ya kuta, ioni huzidi, na mfereji huwa moto kuliko sehemu nyingine zote.

Matokeo yake ni kwamba kipimajoto kilichounganishwa na sehemu iliyo bapa husoma nyuzi 420, ilhali mizizi ya meno imeshapita nyuzi 450. Ncha za meno nazo hupokea umeme kwa namna isiyolingana na sehemu za kati. Rola moja basi huweza kuwa na sehemu zisizoshika kutu na sehemu zinazoshika, ingawa ilitiwa nitrojeni siku moja ndani ya tanuri moja.

Tiba zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kuukatakata umeme uwe wa mipigo mifupi badala ya mkondo usiokatika, ili joto lipatiwe nafasi ya kusambaa. Ya pili ni kukizungushia kifaa wavu wa chuma na kuupitisha umeme mwingi katika wavu huo. Plazma huwaka juu ya wavu, wavu hukipasha kifaa joto kutoka pande zote, na chembe zenye nitrojeni hutua juu yake kwa usawa zaidi.

Mipaka ya mbinu yenyewe

Haingekuwa haki kuisifu mbinu hii bila kutaja isichoweza kukifanya. Tabaka la mikromita 10 juu ya chuma laini ni kama ganda la yai: gumu, lakini nguvu zake hutegemea kilicho chini yake. Kokoto iliyopita pamoja na majani ikiingia kati ya rola, chuma laini kitabonyea na ganda litapasuka. Kunyausha vizuri na kuchuja majani bado ni ulinzi wa kwanza wa meno.

Vilevile, mpangilio wa kazi hauwezi kugeuzwa. Meno hukatwa kwanza, kisha hutiwa nitrojeni. Yakinolewa upya, tabaka lote huondoka, kwa kuwa kinachokatwa wakati wa kunoa ni kinene mara nyingi kuliko tabaka lenyewe. Kinachoweza kutarajiwa ni kurefusha muda kati ya kunoa na kunoa, na kupunguza vumbi la chuma. Anayefikiria kuitumia mbinu hii hana budi kulinganisha faida hiyo na gharama ya tanuri, umeme na saa nyingi za kusubiri.

Ugumu si neno la maana moja

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, ni dhahiri kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kufanya hapa. Katika matumizi ya kila siku, kivumishi -gumu hubeba mengi: mtihani mgumu, mkono mgumu, kichwa kigumu, mkate mgumu. Msikilizaji huitambua maana kwa muktadha, wala hakuna hasara. Katika karakana, hasara ipo.

Sifa zisizopungua nne zilijitokeza katika makala haya, na kila moja yahitaji jina lake. Ya kwanza ni uwezo wa uso kukataa kubonyezwa. Hii ndiyo inayofaa kuitwa ugumu. Ya pili ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Ukakamavu ni neno linaloweza kuibeba. Ya tatu ni kinyume cha hiyo, wepesi wa kuvunjika, kama wa chungu au kigae. Ya nne ni ustahimilivu dhidi ya kutu. Kigae ni kigumu lakini hakina ukakamavu. Ngozi ina ukakamavu lakini si ngumu. Jino la rola lililounguzwa kupita mpaka ni gumu lakini halina ustahimilivu dhidi ya kutu. Mwongozo wa kiwandani ukiandikwa kwa Kiswahili na kusema tu kwamba uso wa chuma uwe mgumu iwezekanavyo, umemruhusu fundi kuongeza moto. Ukisema kwamba uso uwe mgumu bila kupoteza ustahimilivu wake dhidi ya kutu, umemwekea mpaka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kazi ya istilahi nayo ilikwisha kuanzwa mapema: kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1990. Kinachobaki ni kwamba istilahi zitumike katika maelezo ya mambo halisi, kwa kuwa ni katika kutumiwa ndipo udhaifu wake hujulikana. Orodha ya maneno haiwezi kuonyesha tofauti ya kutia na kupaka. Jino la rola laweza.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba utiaji nitrojeni kwa plazma hautoi ugumu kama zawadi isiyo na malipo. Halijoto huharakisha kazi lakini huiamsha kromiamu. Muda huongeza unene, ila kwa gharama inayozidi kila hatua. Gesi nyingi ya nitrojeni huleta tabaka linaloweza kupasuka. Kanieneo na umeme huweza kuligeuza umbo la kifaa likawa adui wa kifaa chenyewe. Katika chuma cha rola za chai, masharti haya yote hukutana katika swali moja: je, kromiamu imebaki huru?

Chuma huchaguliwa kwa sababu zaidi ya moja, na mtengenezaji anayeikumbuka moja tu huziharibu nyingine bila kujua. Ndivyo ilivyo pia kwa neno. Mwanaistilahi anayetaka neno moja libebe kila kitu atapata neno linalosikika imara, lakini litakalovunjika siku litakapopewa kazi.